Kitabu Alichoazima Marehemu

Manassé hakuomba wakili wala chakula. Aliomba tableti yake iletwe, na aliomba mtu yeyote, hata adui yake, aiwashe na ajaribu kukifungua kile kitabu.

Inspekta Virginie aliweka simu yake juu ya meza na kubonyeza kitufe chekundu cha kurekodi, kama alivyofanya kwa kila mtu aliyeketi kwenye kiti kile. Kituo cha polisi cha Mushaki kilikuwa na kiti kimoja tu cha kueleweka, kwa hiyo yeye mwenyewe alisimama.

"Rudia," alisema. "Pole pole."

Nesi kijana alipangusa uso kwa mkono wa shati. "Mama Uwamariya alifika na kifafa ya mimba. Dawa ilikuwako. Lakini bichupa bilikuwa bipya, nguvu yake haikuwa sawa na ya bile bya zamani. Nikasema niangalie kwanza mu kitabu namna ya kuchanganya. Tablette ikaniandikia: kitabu hiki kiko kwa musomaji mwengine. Nikajaribu tena, ni vile vile. Nikaita docteur, réseau ya simu hapana. Na ule mama alikuwa anakauka mbele ya macho yangu. Nikapima na akili yangu."

"Na akili yako ikakosa."

"Ndiyo, Mama Inspecteur. Pumzi yake ikasimama."

Hakulia wala kujitetea zaidi. Virginie aliwahi kuwahoji waongo wengi, kutoka Butembo kwao hadi milima hii ya Masisi, na alijua kwamba mwongo hujiongezea maneno. Huyu alikuwa anayapunguza. Lakini kuhisi si ushahidi, na karatasi iliyokuwa mezani ilisema kinyume.

Karatasi hiyo ilitoka kwa shirika lililogawa tableti katika vituo vya afya, na lililokwisha kuichukua ile ya Manassé. Ilisema kwamba mtu wa mwisho kuazima kitabu cha uzazi ni nesi Floribert, na kwamba Floribert alikwisha kufa. Maiti haisomi, kwa hiyo kitabu kilikuwa wazi. Kwa hiyo Manassé hakukifungua kabisa, akamchoma mgonjwa kwa kubahatisha, kisha akatunga uongo. Kosa la dawa ni kosa la kazi, na wakubwa wa afya wangelijadili wenyewe. Uongo juu ya maiti ni jela. Lori la kupeleka wafungwa Goma lilikuwa linapita kesho yake, na jina la Manassé lilikuwa la kwanza.

Nje, kwenye gogo lililotazama mlango wa mahabusu, alikaa Bayingana, mume wa Uwamariya. Tangu mazishi alikuwa akija kila siku na fimbo yake ya kuchungia, anaketi, anatazama mlango. Shemeji zake walipiga kelele sokoni kwamba nesi akatwe kichwa. Yeye hakupiga kelele.

"Anasema nini?" Bayingana aliuliza, Virginie alipotoka.

"Anasema kitabu kilikuwa kimefungwa, Papa Bayingana."

"Na ba shirika balisema kilikuwa wazi."

"Balisema."

"Mimi sitafute damu," alisema Bayingana. "Ninatafuta kujua. Ukijua, uniambie, hata kama ni kitu mubaya."

Virginie alimwahidi. Aliichukia ile ahadi papo hapo, kwa sababu hakuwa na hakika ataitimiza.

Ofisi ya shirika ilikuwa kando ya barabara ya Sake, yenye paneli za jua juu ya paa na bango kubwa la mtoto anayecheka. Camille, msimamizi wake, alikuwa na shati lililopigwa pasi na kompyuta mbili. Alimkaribisha vizuri. Watu wenye karatasi safi hukaribisha vizuri daima.

"Hiki kitabu biko bingapi?" Virginie aliuliza.

"Kimoja."

"Kwa kila kituo?"

"Kwa Masisi na Walikale yote. Tuliuziwa licence, ruhusa ya musomaji mumoya kwa wakati mumoya. Mumoya akikiazima, bengine banangoja arudishe."

"Papa Camille, mimi nimetoka kwa batu ya biashara. Sukari ikiisha dukani, inaisha kweli. Hapa kimeisha nini? Karatasi?"

"Hakuna kilichoisha. Ni contrat, mapatano ya kuuza. Mwenye kitabu njo alitaka vile, sivyo angekosa kuuza."

"Na vitabu vya karatasi vyenye vilikuwa mu vituo?"

Camille alirekebisha kalamu zake. "Tulivikusanya, tukavipeleka Goma. Vilikuwa vizee. Tablette ni muzuri zaidi, Mama Inspecteur. Musomaji anaandika alama zake pembeni, ao anazisema na mudomo, mashini inazishika. Kitabu kikirudi, alama zinafutika, mwengine anakipata safi."

Alilisema hilo kwa fahari. Virginie aliliweka akilini bila kujua litamfaa wapi.

"Floribert alikufa," alisema.

"Mulima ulishuka juu ya barabara ya Rubaya. Alikuwa anafuata mugonjwa. Tulisikia, tulihuzunika sana."

"Muda wa kuazima unaishaka?"

"Unaisha. Kisha kitabu kinarudi chenyewe."

"Basi kilirudi."

Camille aligeuza kompyuta, akasoma, akasogea karibu na kioo, akasoma tena. Shati lake lililonyooka lilianza kuloa kwapani.

"Hakikurudi," alisema taratibu. "Kilirefushwa. Kimerefushwa mara mingi tangu alikufa."

"Mashini yenyewe inarefushaka?"

"Hapana. Inaomba muntu aguse. Kidole ya muntu."

"Basi marehemu iko na kidole."

Lori la viazi lilipita nje likitikisa dirisha.

"Papa Camille, mulipojua amekufa, juu ya nini hamukufunga jina yake?"

"Système inaomba sababu. Inakupatia za kuchagua: amehama, ameacha kazi, amepoteza tablette. Kifo haiko ndani."

"Mukafanya nini?"

"Tulimwandikia message, arudishe."

"Mulimwandikia nani?"

Camille alitazama kalamu zake. "Floribert."

Virginie hakucheka. Aliimeza hasira yake, maana alihitaji jambo moja zaidi kutoka kwa mtu huyu. Aliomba aoneshwe marehemu alikuwa akijiunga na mtandao kutoka wapi. Mashine ililijua hilo vizuri kuliko ilivyojua kifo: kila mara ilikuwa siku ya soko, na kila mara ilikuwa mtandao wa duka la Pierre, palepale Mushaki.

"Na ile barua ulisaini, kwamba kitabu kilikuwa wazi?"

"Niliona jina ya mufu, nikawaza…"

"Uliwaza," alisema Virginie. "Muntu amefungwa mu cachot juu uliwaza."

Alipanda kilimani nyuma ya kanisa, mahali simu inaposhika, akampigia Emérita, mkunga wa kituo kimoja cha Walikale. Alitaka kujua kama yupo mwingine aliyewahi kukutana na ule mlango uliofungwa.

"Hicho kitabu?" sauti ya Emérita ilikatika na kurudi. "Mimi niliachaka kujaribu, Mama. Kila siku kiko kwa musomaji mwengine. Nikawaza ni mukubwa moja wa Goma anasoma pole pole."

"Utakubali kuyasema hayo mbele ya sheria?"

"Hata mbele ya Monseigneur askofu."

Sasa Virginie alijua kwamba Manassé huenda alisema kweli. Lakini neno "huenda" halifungui mlango wa mahabusu. Alihitaji kile kidole.

Pierre alikuwa mtu wa Butembo kama yeye, Mkatoliki wa misa ya kwanza, muuza betri, khanga, misumari na mtandao. Duka lake lilikuwa na dishi jeupe juu ya paa, na siku za soko watu walikaa chini ya kuta zake kama ndege chini ya ghala la mtama.

"Dada yangu!" alisema. "Leo umekumbuka kwenu."

"Leo nimekumbuka kazi, kaka Pierre. Sogea pembeni."

Alizunguka kaunta bila kungoja ruhusa. Jicho lake lilikwisha kuona vitu viwili. Cha kwanza kilikuwa rundo la nakala za masomo ya unesi, bado zina joto la mashine. Cha pili, chini ya kitambaa, kilikuwa tableti yenye nembo ya shirika la Camille. Basi ndiye huyu: ameinunua tableti ya marehemu kwa bei ya kutupa, anakiweka kitabu hai, anakichapa na kukiuza kwa wanafunzi. Hadithi hiyo ilikaa vizuri kabisa. Ilikaa vizuri mno.

"Ya nani?"

"Ya mwalimu wa shule ya primaire, shirika lilibapatia nabo. Kioo ilipasuka. Aliiacha nimutafutie ingine, mpaka leo haijapatikana."

Virginie aliiinua. Vumbi liliacha umbo lake juu ya ubao. Ilikuwa haijaguswa kwa muda mrefu, na ufa ulipita katikati ya kioo kutoka pembe hadi pembe. Alishika zile nakala: zilitoka kwenye daftari la mwalimu fulani, zimeandikwa kwa mkono, hazihusiani na kitabu chochote. Pierre alikuwa anatokwa jasho, lakini mfanyabiashara hutoka jasho kila polisi anapogusa bidhaa zake, awe na hatia ama asiwe nayo.

"Kaka, nisikilize. Siku ya soko, kuna muntu anakuyaka hapa na tablette kama hii. Si mwalimu."

"Banakuya bengi. Ba négociants ya madini ya Rubaya banaangalia bei ya coltan. Bana ya shule banaangalia mupira."

"Huyu haangalie mupira."

Pierre alikuna kidevu. "Kuna mama moja wa maziwa. Anateremuka na bidon yake, anauza, kisha anakaa nyuma ya duka pale connexion ya mtandao iko nguvu. Ananilipaka na kopo ya maziwa. Niliwaza ameokota ile kitu mu njia, juu hajue kuitumia."

"Unajuaje hajue?"

"Bantu banaangaliaka tablette na macho, dada. Yeye anaiguza kidogo, kisha anaiweka hapa." Pierre aliweka kiganja juu ya sikio lake, akafumba macho. "Anakaa vile, mutoto mu mugongo, mpaka bengine banaanza kumucheka."

Virginie aliketi juu ya gunia la chumvi. Tableti ya wizi huuzwa. Tableti ya kuokotwa hupewa watoto waichezee hadi ife. Huyu mama alikuwa anarefusha muda wa kitabu cha Kifaransa cha uuguzi, kitabu kisicho na sauti, kisha anakisikiliza. Na Camille alisema nini kwa fahari ile? Anaandika alama zake, ao anazisema na mudomo.

"Jina yake?"

"Ni muke ya ule infirmier, nesi mwenye alikufa ku barabara," alisema Pierre, na uso wake ulibadilika alipojisikia akilisema. "Libérata."

Virginie alimkuta asubuhi, akikamua. Nyumba ilikuwa ya mbao, juu ya malisho yenye umande, na ng'ombe watatu walisimama wakitoa mvuke. Libérata alikuwa amenyoa nywele kwa ajili ya msiba. Mtoto Umwali alilala mgongoni mwake. Alimaliza titi alilokuwa nalo kabla ya kusimama, kwa sababu ng'ombe hana kosa, na haifai kumwadhibu kwa mambo ya polisi.

"Mama Umwali, mimi ni Virginie, OPJ wa polisi ya Mushaki. Ninaweka telefone yangu hapa, inashika maneno yetu. Ni kazi yangu. Unakubali?"

"Ninakubali."

"Ninatafuta tablette ya Papa Floribert."

Virginie alikuwa tayari kwa uongo, kwa machozi, hata kwa mlango kufungwa. Mwanamke aliingia ndani, akarudi na kitu kilichofungwa kwa kitambaa cheupe kilichofuliwa, akakitoa kwa mikono miwili.

"Nilikuwa nakungojea," alisema.

"Mimi?"

"Mwenyewe wa hii kitu. Ni weye balituma?"

"Hakuna aliyenituma. Juu ya nini hukuirudisha?"

Libérata alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Mama, kwenu muko na ngombe?"

"Kwetu tuko na maduka."

"Basi hauwezi kujua. Hapa muntu anakupatia ngombe yake uchunge. Maziwa ni yako, ngombe ni yake. Ukikufa, haturudishake ngombe kama gunia, ni kumutukana mwenyewe. Mwenye ngombe anakuya kwanza kwa kilio. Anakaa na mufiwa, anasema pole. Kisha anasema neno moya: ngombe irudi, ao ngombe ibaki kwako. Mpaka siku atakuya, muke wa marehemu anailisha. Haiache ikufe mu mikono yake."

"Na hii ilitaka kukufa."

"Iliandika muda unaisha. Nikaogopa. Nikateremuka kwa Pierre, nikagusa pale inasema. Ikapona. Kila ikiandika, ninagusa." Aliipanga khanga juu ya mtoto. "Nilimungojea mwenyewe akuye kwa kilio. Kutoka kwa ile kazi hakukuya hata muntu moya."

Nguo ya kuazima haisitiri matako, walisema kwao Butembo, na Virginie aliona sasa kwamba methali hiyo ilikuwa ya watu wa maduka. Huyu aliichukulia nguo ya kuazima kama amana ya roho.

"Na kwa sikio?" aliuliza. "Unasikilizaka nini?"

Libérata alishusha macho kwenye tableti. "Ile niliipata kisha. Nilikuwa naguza tu, ikasema na sauti ya bwana yangu. Alisoma kila siku mangaribi, anasema na ile mashini. Nilimuchekaka." Alikaza midomo. "Umwali alibaki muchanga sana, hajamujua. Ninamusikilizisha."

Hapa ndipo Virginie alipotamani angekuwa na kazi nyingine yoyote.

"Mama Umwali, hiki kitabu ni kimoja tu. Kwa Masisi na Walikale. Kikiwa kwako, hakuna mwengine anaweza kukifungua."

Libérata alitabasamu, kama mtu anayesahihisha mtoto. "Hapana, Mama. Ile ni karatasi. Mu mashini haiko vile. Redio ikisema kwangu, haiachake kusema kwa jirani."

"Ingepaswa kuwa vile. Lakini baliifunga. Balinunua ruhusa ya muntu moya."

"Nani alikitafuta?"

Virginie alisita, na kusita kwake kulitosha. Libérata alitazama upande wa kituo cha afya, ambako bati la paa lilikuwa linaanza kung'aa. Kila mtu katika kilima kile alijua Manassé alisema nini.

"Alisema kweli," alisema kwa sauti ndogo. "Ule kijana. Kwa Uwamariya." Alikaa chini kwenye majani yaliyolowa, na mtoto mgongoni akaamka. "Nilipeleka maziwa ku kilio yake. Nililia nabo."

"Hukujua."

"Kujua ingenisaidia nini? Njo mimi niligusa."

Virginie alimwambia sheria haikuwa na jina la jambo alilolifanya, na kwamba hangefungwa. Ilikuwa kweli, na haikumsaidia yeyote. Kisha alimwambia habari za lori. Libérata alisimama, akamimina maziwa ndani ya bidoni, akaifunga, akaiacha hapo hapo mlangoni.

"Twende," alisema. "Nitasema mwenyewe, mbele ya Bayingana."

Chumba cha kituo hakikuwahi kujaa vile. Manassé alitolewa mahabusu, akasimama ukutani. Camille aliitwa, akaja na mkoba wa kubebea tableti na kifaa kidogo cha mtandao. Bayingana alipewa kiti akakikataa. Virginie aliweka simu yake juu ya meza, akabonyeza kitufe chekundu.

Libérata aliyasema yote. Hakuomba huruma na hakuficha neno, wala lile la sauti. Kisha Virginie, kwa sababu alitakiwa kuthibitisha kwamba kitabu ni chenyewe na ukurasa ni wenyewe, alimwomba aifungue sura ya kifafa cha mimba. Pembeni mwa maandishi palikuwa na alama ndogo ya buluu. Libérata aliigusa.

Ilianza kwa mvuto wa pumzi. Kisha mwanamume akasema, bila haraka, kama aliyeketi miongoni mwao:

"Mama Umwali, ao weye mwenye unanisikia. Hapa kitabu kinasema Kifaransa ya nguvu, mimi nasema na yetu. Kama kichupa ni kile kipya, kile cha nguvu, usiitie vile iko. Changanya kwanza na maji ya serum, vile jedwali ya hapa chini inaonesha. Tia pole pole. Kisha mupige goti na kidole. Goti ikiruka, endelea. Goti ikikataa kuruka, simama, hata kama bantu banalia, hata kama banakutukana. Chunga pumzi yake." Ng'ombe alilia nyuma ya sauti, na mwanamume akacheka. "Unasikia? Hata ule anataka kusoma."

Manassé alikuwa ameufunika uso kwa mikono yote miwili.

"Arudie," alisema Bayingana.

Libérata aligusa tena. Pumzi, goti, ng'ombe, kicheko. Bayingana alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa juu ya fimbo. Ilipokwisha alimgeukia yule kijana.

"Goti. Ulilipiga?"

Virginie alimwona Manassé akitafuta jibu lililo rahisi zaidi, na akamwona akiliacha.

"Hapana, Papa. Sikujua. Ile njo nilikuwa natafuta."

Bayingana alitikisa kichwa kidogo, mara moja. Alikuwa amejua. Ilikuwa jambo baya, kama alivyolitarajia, na sasa lilikuwa lake.

Virginie alilifuta jina la Manassé kwenye orodha ya lori mbele ya macho ya wote. Atajibu kwa wakubwa wa afya kuhusu dawa, alisema, na atajibu akiwa nyumbani kwake. Uongo haukuwako. Kisha alimgeukia Camille. "Na weye utaandika barua ingine. Leo."

"Nitaandika," alisema Camille. Sauti yake ilikuwa imepungua. "Lakini kitabu kirudi kwanza. Kuna bagonjwa."

Hapo hakuna aliyemkatalia. Libérata alichukua tableti. Alijua mahali pa kugusa, maana kwa miezi yote palikuwa kando ya pale alipokuwa akigusa. Mashine ilimwonya kwamba alama zote zitafutika, na ikamuuliza kama ana hakika. Akagusa. Ukurasa ukawa mweupe, ile alama ya buluu ikatoweka, na kilichobaki cha kitabu kilikuwa jalada la kijivu.

Alimpa Camille tableti kwa mikono miwili. Camille aliipokea, na ndipo macho yake yalipoiona simu iliyokuwa mezani na nukta yake nyekundu.

"Mama Inspecteur, ile enregistrement ya sauti. Iko na maneno ya kitabu ndani. Licence inakataza. Inapaswa kufutwa."

"Niandikie," alisema Virginie. "Andika kwa jina ya Floribert, itanifikia."

Kisha alimwambia Libérata kwamba ushahidi hauguswi, na kwamba kesi ikifungwa, sauti ile itakuwa ya Umwali akitaka.

Libérata alitikisa kichwa. "Hapana. Ukirudisha ngombe ya muntu, haukatake mukia ukabaki nayo. Sauti ile ilifunga mulango kwa Uwamariya. Sina ruhusa."

Sheria ya Virginie ilikuwa imefika mwisho, na ya Camille ilikuwa imefika mwisho mapema zaidi.

Bayingana aliegemeza fimbo yake ukutani. Alivuka chumba, akasimama mbele ya Libérata, akaushika mkono wake kwa mikono yake yote miwili, kama mtu anayeingia nyumba ya msiba.

"Pole na bwana yako, Mama Umwali," alisema. "Tulichelewa kukuya."

Libérata aliinua uso, na Bayingana akaendelea:

"Ngombe ibaki kwako."